Ajali ya mashine ina kinga: Namna ya kuzuia majeraha kazini

WASWAHILI husema ajali haina kinga. Msemo huu hutamkwa kumliwaza aliyefikwa na mkasa, na katika mengi ya dunia hauna kosa. Hata hivyo, unapotamkwa karakanani au kiwandani, mbele ya mkanda unaozunguka wazi au msumeno usio na kifuniko, huwa umegeuzwa kuwa kisingizio.

Ajali ya mashine ni miongoni mwa ajali chache ambazo mahali zitakapotokea hujulikana kabla hazijatokea. Mashine haiviziwi wala haivizii. Meno yake yako pale pale yalipofungwa na aliyeitengeneza, puli yake huzunguka pale pale kila siku, na mdomo wake wa kumeza mzigo haubadilishi upande. Aliyeinunua anaweza kuonyesha kwa kidole mahali itakapomkata mtu, hata kabla ya kuiwasha mara ya kwanza.

Kwa kuwa mahali hapo panajulikana, panaweza kuzibwa. Kizibo hicho, kiwe cha bati, cha wavu wa chuma, cha mbao au cha plastiki ngumu, ndicho kinachoitwa kinga ya mashine, na mafundi wengi hukiita kava. Kazi yake ni moja tu: kuhakikisha kwamba mkono, nywele au nguo ya binadamu haifiki mahali penye hatari wakati mashine inapozunguka.

Lugha ya Kiswahili imetumia neno hilo hilo kinga kwa maana ya kuzuia maradhi na kwa maana ya kifuniko cha mashine. Anayesema kwamba kinga ni bora kuliko tiba, akiwa amesimama kando ya mashine ya kukata nyasi, husema kweli kwa maana zote mbili, kwa sababu kidole kilichosagika hakina tiba ya kukirejesha.

Mwendo unaoushinda mkono

Wamiliki wengi wa mashine ndogo huamini kwamba uangalifu wa mfanyakazi unatosha. Mwajiriwa mpya huambiwa awe macho, asicheze, aweke akili kazini, kisha huachwa mbele ya mkanda usiofunikwa. Nasaha hizo si mbaya, lakini hesabu ndogo hubainisha kwamba hazitoshi.

Mota ya umeme ya kawaida huzunguka takriban mara 1,440 kwa dakika, yaani mara 24 kwa sekunde. Ikiwa puli iliyofungwa kwenye mota hiyo ina upana wa sentimita 10, mzunguko wake mmoja huuvuta mkanda sentimita 31 hivi. Kwa sekunde moja, basi, mkanda huo huwa umesafiri mita saba na nusu.

Binadamu mwenye afya njema, aliye macho na asiyechoka, huhitaji takriban robo ya sekunde kutoka anapohisi jambo hadi misuli yake inapoanza kuitikia. Katika robo hiyo ya sekunde mkanda huwa umekwenda karibu mita mbili. Umbali kutoka ncha ya kidole hadi begani haufiki hata mita moja. Mtu aliyenaswa huwa ameshavutwa kabla ubongo wake haujampa amri ya kurudisha mkono.

Hali ni hiyo hiyo kwa shafti inayotoka nyuma ya trekta kuendesha mashine za shambani. Shafti hiyo mara nyingi huzunguka mara 540 kwa dakika, mwendo ambao kwa macho huonekana wa pole. Hiyo ni mizunguko tisa kwa sekunde. Shafti yenye unene wa sentimita saba hukunja karibu mita mbili za nguo kwa sekunde moja, na leso nzima ina urefu wa takriban mita moja na nusu. Mama aliyejifunga leso kiunoni, au kijana aliyevaa koti lililoachwa wazi, hana nafasi ya kupiga hata ukelele mmoja kabla ya nguo kwisha na mwili kufuata.

Isitoshe, mfanyakazi si yule yule saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Huchoka, husinzia, huwaza karo na kodi ya nyumba, huitwa na mwenzake akageuza shingo. Mashine haichoki wala haina habari na hayo. Usalama unaotegemea uangalifu pekee ni usalama unaomtaka binadamu asiwe binadamu kwa saa nane mfululizo. Kinga iliyofungwa vizuri humlinda hata anapokosea, na hapo ndipo ilipo thamani yake.

Mahali pa kuchunga

Mashine ziko za namna nyingi, lakini mahali zinapojeruhi ni pachache na hufanana.

Kwanza ni pale kazi yenyewe inapofanyika: ncha ya msumeno, kisu cha kukata nyasi, nyundo za kinu, au pale chuma kinaposhuka kugonga chuma. Hapa pana ugumu wake, kwa kuwa mzigo lazima upite, na mkono hupenda kuufuata mzigo.

Pili ni njia inayopitisha nguvu kutoka kwenye mota au injini hadi kwenye mashine, yaani mikanda, puli, minyororo, shafti na magurudumu ya meno. Hakuna mzigo unaopita hapa, na mfanyakazi hana sababu yoyote ya kupagusa mashine ikiwa inazunguka. Kwa hivyo hakuna udhuru wa kuacha sehemu hizi wazi. Cha kusikitisha ni kwamba katika karakana nyingi ndizo zinazoachwa wazi zaidi.

Tatu ni pale vitu viwili vinavyozunguka vinapokutana: mkanda unapoingia kwenye puli, mnyororo unapopanda kwenye meno, au rola mbili zinapobana. Mashine ya kukamua maji ya miwa inayosimama kando ya barabara ni mfano ulio wazi. Rola zake hazijui tofauti ya muwa na kidole; chochote kinachogusa mdomo wake huvutwa ndani.

Nne ni vitu vinavyoruka: vipande vya mbao, cheche, misumari iliyosahaulika ndani ya ubao, na vipande vya jiwe la kusagia chuma lililopasuka. Hivi humfikia hata asiyehusika na kazi, na jicho ndilo huumia kwanza.

Kuna pia hatari ndogo isiyoonekana kwa urahisi. Parafujo au kipini kilichochomoza kwenye shafti inayozunguka hakionekani kabisa shafti ikiwa kasi, lakini hunasa nguo kama ndoano. Ndiyo maana sheria huagiza vitu hivyo vizamishwe ndani ya shafti au vifunikwe.

Aina za kinga

Kinga iliyo bora kuliko zote ni ile isiyoondoka. Hufungwa kwa parafujo au hulehemiwa kwenye fremu ya mashine, na haitoki bila spana. Hii ndiyo inayofaa mikanda, puli na shafti. Ikitengenezwa kwa wavu wa chuma badala ya bati tupu, hupitisha hewa ya kuipoza mota, na fundi anaweza kuutazama mkanda bila kuifungua.

Hata hivyo, wavu una kanuni yake. Tundu linaloweza kupitisha kidole si kinga ikiwa mkanda uko karibu na kidole hicho. Tundu likiwa kubwa, wavu lazima usogezwe mbali zaidi. Ukiwa karibu, matundu lazima yawe madogo. Aidha, kinga lazima izibe pande zote zinazofikika, zikiwemo za nyuma na za chini, kwa sababu anayefagia sakafu huinama mahali ambapo mwendesha mashine hafiki.

Aina ya pili ni kinga iliyofungamanishwa na swichi. Kifuniko kikiinuliwa tu, umeme hukatika na mashine husimama. Kisiporudishwa, mashine haiwaki. Hii hufaa mashine zinazohitaji kufunguliwa mara kwa mara, mathalan mashine za kukandia unga katika viwanda vya mikate. Adui wa kinga hii ni kipande cha waya. Fundi akiifunga swichi hiyo kwa waya ili mashine iendelee kuzunguka kifuniko kikiwa wazi, huwa ameacha umbo la usalama na kuuondoa usalama wenyewe.

Aina ya tatu ni kinga inayorekebishwa kulingana na ukubwa wa mzigo, kama ile inayofunika sehemu ya juu ya msumeno wa duara. Hii hutegemea zaidi nidhamu ya anayeitumia, kwa hivyo huhitaji mafunzo na usimamizi.

Ziko pia mbinu zinazouweka mkono mbali bila kufunika chochote. Baadhi ya mashine za kugongea chuma hazifanyi kazi mpaka mwendeshaji abonyeze vitufe viwili kwa wakati mmoja, kila mkono kitufe chake, ili mikono yote miwili iwe mbali chuma kinaposhuka. Katika mashine ya kusagia nyama, shingo ya kutilia nyama hufanywa ndefu na nyembamba kiasi kwamba mkono haufiki kwenye kisu, na nyama husukumwa kwa mti maalum.

Glavu, miwani na viatu vizito huja baada ya haya yote. Vifaa hivyo hupunguza jeraha lakini havizuii mkono kunaswa. Glavu hata huweza kuongeza hatari: mbele ya shafti, keekee au rola, kitambaa chake hushikwa upesi na kuuvuta mkono wote. Nguo zenye ncha zinazoning'inia, tai, skafu, mikufu na nywele ndefu zisizofungwa zina hatari iyo hiyo.

Kwa nini kinga huondolewa

Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kinga. Swali lenye uzito ni kwa nini kinga hizo hukutwa baadaye zimetupwa pembeni, zimejaa vumbi.

Jibu mara nyingi ni kukwama. Nyasi mbichi hukwama mdomoni mwa mashine, unga wenye unyevu hukwama kinuni, kipande cha mbao hukwama kando ya msumeno. Mfanyakazi hufungua kinga ili atoe kilichokwama. Mara ya kwanza huirudisha. Mara ya kumi huchoka kufunga parafujo nne na hufunga moja. Mwishowe huiacha chini, na siku zinazofuata hutoa kilichokwama bila hata kuzima mashine.

Anayelipwa kwa idadi ya magunia au vipande alivyomaliza huona kila dakika ya kuzima mashine kuwa fedha iliyopotea. Msimamizi naye, mteja akiwa amesimama mlangoni, hufumba macho. Hivyo, anayelaumiwa baada ya ajali kwa kufungua kinga huenda alikuwa akifanya kile ambacho kila mmoja mahali pale alikijua na kukinyamazia.

Dawa ya jambo hili ni ya namna mbili. Kinga itengenezwe kwa namna isiyozuia kazi, na chanzo cha kukwama kitafutwe. Kisu butu hukwamisha nyasi; kikinolewa, haja ya kufungua kinga hupungua. Pamoja na hayo, pawe na utaratibu mmoja wa kufungua mashine, usiokiukwa na yeyote, akiwemo mwenye mali.

Utaratibu huo una hatua chache. Mashine huzimwa kwa swichi yake. Kisha umeme hukatwa kwenye swichi kuu, na swichi hiyo hufungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake huwa mfukoni mwa yule anayeingiza mkono, si kwa mwingine. Kibandiko huwekwa kueleza kwamba mtu anafanya kazi ndani. Kama ni injini ya dizeli, husimamishwa na njia ya kuiwasha hufungwa. Halafu husubiriwa hadi sehemu zote zisimame kabisa, kwa kuwa gurudumu zito huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kukatika. Mwisho, hujaribiwa kuwashwa ili kuthibitisha kwamba haiwaki. Hapo tu ndipo mkono huingia.

Kufuli ina umuhimu wa pekee katika nchi ambayo umeme hukatika na kurudi bila taarifa. Mtu anayetoa mzigo uliokwama wakati umeme umepotea, swichi ikiwa imeachwa upande wa kuwaka, yuko hatarini kila sekunde. Umeme ukirudi, mashine huwaka na mikono yake ikiwa ndani.

Mashine za mtaani na shambani

Kinu cha kusaga mahindi, au mashine ya posho kama inavyojulikana na wengi, huwa ndani ya chumba kidogo chenye vumbi jeupe na kelele. Mkanda wake mrefu kutoka kwenye mota au injini hupita karibu na mahali wateja wanapopanga foleni, baadhi yao wakiwa na watoto mgongoni. Kinga hapa haimlindi mwenye kinu pekee. Mkanda unafaa kufunikwa wote, na wateja watengwe na mashine kwa kizuizi cha mbao au ukuta mfupi.

Mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe imeenea katika maeneo ya wafugaji wa maziwa. Kisu chake huzunguka nyuma ya mdomo unaolishwa kwa mkono, na ikiwa sanduku la kulishia ni fupi, vidole hufika kisuni. Sanduku refu lililofunikwa kwa juu, linalouzidi urefu wa mkono wa anayelisha, huondoa sehemu kubwa ya hatari. Nyasi za mwisho husukumwa kwa nyasi nyingine au kwa mti, kamwe si kwa kiganja.

Mashine hii huendeshwa mara nyingi na vijana wa nyumbani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa kati ya umri wa miaka 13 na 16 kushughulikia mashine viwandani, isipokuwa aliye katika mafunzo rasmi ya ufundi. Mzazi anayemtuma mwanawe kwenye mashine ya nyumbani hafai kuhitaji sheria kumweleza kwamba kisu ni kile kile.

Mashine ya mkononi ya kukatia na kulainishia chuma, ambayo mafundi huiita grainda, ina tatizo lake. Ile ndogo inayotumia diski ya milimita 115 huweza kuzunguka mara 11,000 kwa dakika. Baadhi ya mafundi huondoa kinga yake ili waifunge diski kubwa ya milimita 230. Diski hiyo kubwa kwa kawaida imetengenezwa kustahimili mizunguko takriban 6,600 pekee. Ikizungushwa kwa mwendo wa mashine ndogo huweza kupasuka, na vipande vyake hutoka kama risasi huku kinga iliyopaswa kuvizuia ikiwa imeshaondolewa. Idadi ya mizunguko inayoruhusiwa huandikwa juu ya kila diski, na kuisoma hakugharimu chochote.

Kwa msumeno wa duara wa karakana za mbao, kifuniko cha juu peke yake hakitoshi. Nyuma ya msumeno panahitajika bamba jembamba la chuma linalozuia ubao uliopasuliwa usiubane msumeno na kurushwa kwa nguvu kumwelekea fundi. Ubao mfupi husukumwa kwa kipande cha mti, na kidole gumba hakikaribii meno.

Hakuna kati ya kinga hizi inayohitaji kuagizwa ng'ambo. Mafundi wa jua kali, wakiwemo wale wa Kamukunji jijini Nairobi wanaofua vyuma kutwa kucha, wana uwezo wa kuzitengeneza kwa wavu, chuma cha pembe na mashine ya kulehemu.

Sheria ilikotoka

Wajibu wa kufunika mashine haukuanza jana. Uingereza, ambako viwanda vya nguo vilikuwa vikiwakata viungo watu wazima na watoto, ilipitisha sheria mwaka 1844 iliyoamrisha shafti na mitambo ya kuendesha mashine iwekewe uzio, na ikawakataza watoto na vijana kusafisha mitambo hiyo ikiwa inazunguka.

Sheria za Uingereza ndizo zilizokuwa kielelezo cha Sheria ya Viwanda ya Kenya, iliyoanza kutumika Septemba 1, 1951 wakati wa ukoloni. Mnamo 1963 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba nambari 119 kuhusu kinga za mashine. Mkataba huo uliupeleka wajibu mbali zaidi: mashine isiyo na kinga haifai hata kuuzwa au kukodishwa, kwa maana kwamba lawama haimwangukii anayeitumia peke yake.

Mahakama nazo zilikuwa zimeshatoa msimamo mkali. Mwaka 1955 Bunge la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho nchini humo, lilisikiliza kesi ya mfanyakazi aliyeumia kidole gumba kwenye jiwe la kunolea. Kiwanda kilidai kwamba jiwe lililozibwa lote haliwezi kutumika. Majaji waliamua kwamba ugumu huo si utetezi: sheria ilisema sehemu ya hatari izibwe, na haikusema izibwe ikiwa tu inamfaa mwenye kiwanda. Baadaye ilibidi zitungwe kanuni mahsusi za mawe hayo.

Sheria inavyosema Kenya

Sheria ya viwanda ya kale ilifutwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Tofauti kubwa ni kwamba sheria hii haihusu viwanda vikubwa pekee. Inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, kwa kudumu au kwa muda, na hivyo karakana ya jua kali na kinu cha kijijini havimo nje ya mipaka yake.

Sheria hiyo inaagiza kwamba mota na injini, mitambo ya kupitisha nguvu na kila sehemu nyingine ya mashine iliyo ya hatari izungushiwe kinga imara, na kwamba kinga hizo zidumishwe mahali pake wakati mashine inapotumika. Mwajiri anapaswa kutoa mafunzo na usimamizi. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi.

Mfanyakazi naye ana wajibu. Haruhusiwi kuharibu wala kuchezea kifaa kilichowekwa kwa ajili ya usalama. Kwa upande wa pili, akiona hatari kubwa iliyo karibu anapaswa kumwarifu msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi hapo kabla hatari haijarekebishwa. Sheria inamkataza mwajiri kumfuta au kumbagua mfanyakazi kwa sababu amelalamikia usalama.

Maafisa wa idara ya serikali inayosimamia usalama na afya kazini wana mamlaka ya kuingia, kukagua, kutoa notisi ya kurekebisha kasoro, na hata kupiga marufuku matumizi ya mashine hadi itakapokuwa salama. Ajali inayosababisha kifo lazima idara hiyo ijulishwe katika muda wa saa 24, na taarifa ya maandishi itumwe katika siku saba.

Kuhusu fidia, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ambayo pia ni ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi wake bima. Aliyelemaa kabisa na kwa kudumu hukadiriwa fidia sawa na mapato ya miezi 96. Ulemavu ulio mdogo hulipwa kwa kiwango chake. Dai linafaa kuwasilishwa katika miezi 12 tangu ajali itokee. Sheria hii ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoiidhinisha Desemba 3, 2019.

Miezi 96 ni miaka minane. Kijana wa umri wa miaka 22 aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi amebakisha maisha marefu kuliko hayo.

Ajali inapotokea

Mtu akinaswa, la kwanza ni kukata umeme au kusimamisha injini. Kwa sababu hiyo swichi ya kuzima inapaswa kuwa mahali ambapo aliyenaswa mwenyewe na aliye karibu naye wanaweza kuifikia, na kila mmoja afahamu ilipo. Mashine isizungushwe kinyumenyume kwa pupa, kwani huweza kuzidisha jeraha. Ni afadhali ifunguliwe na fundi anayeijua.

Damu huzuiwa kwa kulibana jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kuachia. Kidole kilichokatika hufungwa katika kitambaa safi chenye unyevu, kikatiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ukawekwa juu ya barafu. Kidole chenyewe hakiguswi na barafu wala hakitumbukizwi majini. Kipelekwe hospitalini pamoja na mgonjwa, kwa maana kuna nyakati ambapo madaktari huweza kukiunga.

Baada ya hapo, mashine isiguswe wala isisafishwe kabla ya kuchunguzwa na kuandikwa kilichotokea. Kusafisha haraka na kuendelea na kazi hufuta ushahidi wa mfanyakazi, na huificha sababu itakayomuumiza mwingine.

Ukaguzi wa asubuhi

Kabla ya kuwasha mashine, mambo machache yanatosha kuchunguzwa kila siku: kama kila kinga ipo na parafujo zake zote zimekazwa, kama kuna mahali mkono unaweza kupenya, kama swichi ya kuzima inafanya kazi na inafikika, kama sakafu haina mafuta wala uchafu wa kumtelezesha mtu, na kama anayeiendesha amefundishwa, hajachoka kupita kiasi na hana nguo inayoning'inia.

Ukaguzi huo hauchukui dakika tano. Ukionyesha kwamba kinga moja haipo, mashine isiwashwe mpaka irudishwe, hata kama wateja wamejaa mlangoni. Mteja aliyekasirika anaweza kurudi kesho.